Mtoto Aliye Mgongoni mwa Bitutu

Vitabu vipya vilifika shuleni kwetu mwanzoni mwa mwaka 1951, ndani ya sanduku la mbao lililopigiliwa misumari mingi kuliko ilivyohitajika. Shule yetu ilikuwa ya kanisa, juu ya kilima upande wa Nyakoe, na vitabu vipya havikuwa jambo la kila mwaka. Mwalimu Machogu alituamuru tukanawe mikono kwanza. Tulishuka mtoni, tukanawa, tukapanda tena huku tumenyoosha viganja mbele visiguse nguo.

Kilikuwa kitabu cha kusomea Kiingereza, chenye jalada la kijani, kilichojaa habari na picha za watu wa nchi mbalimbali. Tuliketi watatu kwa kila kitabu. Mwalimu alisoma kwa Kiingereza, kisha akatufasiria kwa Kiswahili, kwa sababu mkaguzi hakutaka kusikia Kikisii darasani. Tulisoma habari za watu wanaojenga nyumba kwa barafu, tukacheka. Tukafungua ukurasa wa Afrika, na darasa likanyamaza kabla mwalimu hajasoma neno.

Pichani alisimama mwanamke aliyevaa ngozi ya mbuzi. Miguu yake, kuanzia kifundo kwenda juu, ilijaa pete za chuma. Mgongoni alikuwa na mtoto, na uso wa mtoto ulichungulia juu ya bega. Mwanamke alikuwa kijana kuliko tulivyomzoea, lakini tulimjua. Tulimjua kwa kovu lililoukata unyusi wake wa kushoto, na kwa jinsi alivyoinamisha kichwa kidogo, kama mtu anayesikiliza kitu chumba cha pili. Alikuwa Bitutu, mjane aliyewafundisha mama zetu kusoma kila Sabato alasiri.

"Huyu si mama Bitutu?" akauliza msichana aliyeketi nyuma yangu.

"Nyamaza," mwalimu akasema, naye alikuwa ameshaanza kusoma maneno yaliyo chini ya picha. Alikuwa na mazoea ya kufasiri upesi, mdomo ukitangulia akili, na siku hiyo mdomo ulitangulia sana. "Mchawi wa kabila la Wakisii. Hajui kusoma wala kuandika, na majirani zake wanamwogopa. Kila pete mguuni mwake ni mtu mmoja aliyemuua."

Kisha akasikia alichosema. Nilimwona akiutazama tena ukurasa, akauweka mkono wake juu yake, mkono wenye vumbi la chaki, akasahau hata kwamba alitukataza kuvichafua vitabu. Akatuambia tufunge. Tukafunga. Lakini tulikuwa watoto arobaini na zaidi, na kila mmoja alikuwa na nyumbani kwao.

Ni lazima nieleze kwa nini mistari ile mifupi ilitupiga kama ilivyotupiga. Kwetu kitabu cha kwanza kilikuwa Biblia. Waliojifunza kusoma wakati wa wazazi wangu hawakukutana na kitabu cha hadithi, wala gazeti, wala kitabu cha mtu anayebishana na mwenzake. Walikutana na neno la Mungu, na kwa hiyo waliamini kwamba kinachopigwa chapa ni kweli. Na aliyewafundisha hivyo wanawake wa kilima chetu alikuwa Bitutu mwenyewe. Alikifunga kitabu chake kwa kitambaa cheupe. Hakuna aliyekigusa kabla ya kunawa. "Mtu husema uongo," alikuwa akiwaambia. "Kitabu hakisemi uongo." Mama yangu, Bathsheba, alikuwa rafiki yake na mwanafunzi wake, naye aliyarudia maneno hayo nyumbani kila tulipogombana na kusingiziana.

Yaliyotokea siku ya kupigwa picha Bitutu alinieleza mwenyewe, baada ya miaka mingi, tukimenya ndizi. Nayaweka hapa kwa sababu bila hayo msomaji hatajua alichokuwa akikiogopa.

Ulikuwa mwaka 1937. Bitutu alikuwa ameolewa na Nyamongo, kijana mwenye kifua kipana aliyelima kwa plau ya kuazima na kuimba sauti ya chini kanisani. Walifungishwa ndoa na mchungaji, mbele ya mimbari, na kwa hiyo Bitutu hakuvishwa ebitinge. Hizo ni pete za chuma ambazo mwanamke wa Kikisii alivishwa miguuni siku ya harusi kubwa ya kimila. Akishavishwa, alilala nazo, alilima nazo, alizaa nazo. Hazikuvuliwa mpaka siku mume alipokufa. Mwanamke aliyezivua mumewe akiwa hai alikuwa amemtangaza maiti, na watu waliamini kwamba kifo husikia kinapoitwa. Mama mkwe wa Bitutu, bibi Nyangate, hakumsamehe mchungaji kwa miguu ile mitupu ya mkamwana wake. "Umemwoa mwanamke ambaye hakufungwa," alimwambia mwanawe. Nyamongo alicheka tu.

Mwaka huo mvua ya mawe iliangusha wimbi lote la upande wetu. Baridi ikaja na njaa pamoja. Mtoto wao, Drusilla, alikuwa na miezi minane na kikohozi, na nyumbani hakukuwa na blanketi zaidi ya moja lililotoboka. Ndipo akaja Mzungu msafiri mwenye kamera ya miguu mitatu. Mkalimani wake alikuwa Opondo, Mjaluo aliyefanya kazi ya ukarani mjini Kisii, mtu wa maneno mengi na kofia safi. Aliyekubali kupigwa picha angepewa blanketi jipya.

Wanawake waliovaa magauni walijipanga. Mzungu aliwapita kama mtu anayepita mahindi mabichi. Bitutu akamsogelea Opondo, akamwuliza kwa Kijaluo kuna nini, kwa maana vitabu vya kwanza alivyojifunza kusoma vilikuwa vya Kijaluo. Kwa Kikisii vilikuwa havijafika.

"Bwana anataka watu wa zamani," Opondo akasema. "Nyinyi wote hapa mnafanana na wake za wahubiri. Ataenda Ulaya na picha za magauni ambayo wenyewe wametuletea?"

"Watu wa zamani wamezeeka. Hawawezi kupanda kilima hiki."

"Basi wewe uwe wa zamani, nyar Kisii, binti wa Kisii. Kwa muda mfupi tu. Ngozi huna kwenu?"

Bitutu akaenda kuazima ngozi ya Nyangate. Aliporudi ameivaa, na Drusilla mgongoni, Mzungu akamzunguka, akainyooshea kidole miguu yake na kutikisa kichwa. Akasema kitu. Opondo akaenda kwenye gari, akarudi na mfuko uliokuwa ukigongana ndani. Zilikuwa ebitinge ambazo Mzungu alizinunua upande wa Ekerenyo, kwa mjane aliyetoka kuzivua.

"Hizi siwezi," Bitutu akasema.

"Kwani si umeokoka? Ni chuma tu. Vaa, upigwe, uvue, uchukue blanketi lako."

Alisimama pale akilisikia kohozi la mtoto likikwaruza karibu na sikio lake. Na alikuwa ameokoka kweli. Alikuwa ametubu, amebatizwa katika maji baridi, amefundishwa kwamba mila hizo ni giza. Kama chuma ni chuma tu, kwa nini aogope? Akainama, akazivaa moja moja. Zilikuwa nzito, na zilikuwa na umbo la miguu ya mtu mwingine.

Picha ilichelewa kwa sababu Drusilla hakutulia. Mzungu alikasirika ndani ya kitambaa cheusi cha kamera yake. Mwishowe mtoto akausikia mlio fulani kwenye kile kisanduku, akanyamaza, akatazama. Ikaisha. Bitutu akaketi kwenye majani, akazivua pete zote, akamrudishia Opondo. Nyamongo alikuwa bonde la pili, akilima.

Hakumwambia. Alisema blanketi alipewa kwa kusimama tu.

Kabla msimu haujaisha, radi ilimpiga Nyamongo shambani, jua likiwa bado linawaka upande mmoja wa mbingu. Kwetu radi huua watu, hilo si geni, lakini alikuwa kati ya wanaume wanne na ilimchagua yeye. Mwaka uliofuata surua ikamchukua Drusilla. Walimzika ndani ya lile blanketi. Bitutu hakuolewa tena wala hakurithiwa, kanisa lilimtetea kwa hilo, na kwa miaka yote iliyofuata alilima kipande chake, akafundisha wanawake kusoma, na hakutamka neno pete mbele ya mtu yeyote.

Sasa picha ilikuwa imerudi.

Jioni ile ile kilima kizima kilijua. Vijana walishika maneno ya mwalimu, lakini bibi za kwetu walishika jambo jingine. Nyangate alikuwa amekufa, ila wenzake walikuwa hai, na waliuliza swali moja tu walipoelezwa ile picha. Bitutu hakuvishwa. Zile zilikuwa pete za nani, na alizivua lini?

Nyasani, mdogo wake Nyamongo, ndiye aliyekuwa mkuu wa boma. Alikwenda akasimama mlangoni kwa Bitutu watu wakisikia.

"Mwalimu wa wanawake," akasema, "tuhesabie basi. Pete moja ni kaka yangu. Zilizobaki ni za nani?"

"Shemeji, ingia ukae."

"Nikae kwa nani? Ili niwe pete?"

Watu wakacheka kicheko ambacho sitaki kukisikia tena. Asubuhi iliyofuata hakuna mtoto aliyetumwa kwake kuomba moto. Wanawake waliokutana naye njiani waliwafunika watoto wao uso. Mtu ambaye wiki moja kabla walimpelekea vitabu vyao awasomee, sasa aliitwa omorogi, mchawi, na waliomwita hivyo hawakupiga kelele. Walisema kwa sauti ya kawaida, kama wanavyotaja mtu aliyehama. Hilo ndilo lililonishtua zaidi, jinsi lilivyokuwa rahisi. Na sote tulijua wanachofanyiwa wachawi, jinsi mlango unavyofungwa kwa nje na paa kupewa moto.

Mzee wa kanisa, Onyancha, hakuwa mtu mbaya. Alifikiri siku kadhaa, akaona njia. Alimwita mama yangu.

"Bathsheba, kitabu kimetaja jina?"

"Hakikutaja, mzee."

"Kimesema mwanamke wa Kisii. Wanawake wa Kisii ni wengi kama nyasi. Sabato ijayo nitamwuliza mbele ya kanisa kama ni yeye. Atasema si yeye. Nitaomba, tutaimba, na Nyasani atanyamaza. Mwambie."

Mama akaenda, nami nikaenda naye nimebeba mtungi. Bitutu alikuwa akipalilia ndizi zake kana kwamba dunia ipo kama jana.

"Sema si wewe," mama akamwambia. "Neno moja, dada yangu. Mungu hatakuuliza kwa neno moja."

"Wewe ndiye unayeniambia niseme uongo? Wewe niliyekufundisha mimi?"

"Ulinifundisha kusoma. Hukunifundisha kukuzika."

Bitutu akaangusha jembe. Akakaa chini kati ya migomba, akafunika uso kwa khanga yake. Aliponyanyua kichwa, alisema, "Sawa. Nitasema si mimi." Tulirudi nyumbani mama akiimba.

Sabato ile kanisa lilijaa mpaka madirishani. Baada ya ibada Onyancha alikiweka kitabu juu ya meza, kimefunguliwa, na karatasi nyeupe ameifunikiza juu ya yale maneno ya chini. Nyasani alisimama karibu na mlango, mikono nyuma. Mwalimu Machogu aliketi kiti cha mbele na hakuinua macho.

"Dada Bitutu," mzee akasema, "kuna maneno yanayotembea. Tunataka yapumzike. Mwanamke aliye katika kitabu hiki ni wewe?"

Alifungua mdomo. Naapa alikuwa anakwenda kusema alivyoahidi. Kisha akasema, "Bado sijaiona hiyo picha. Nionyesheni."

Hatukuwa tumefikiria hilo. Juma zima watu walikuwa wamemhukumu kwa kitu ambacho yeye mwenyewe hakuwahi kukiona. Wala hakuwahi kuona picha yake yoyote, wala ya mtu wa nyumbani kwake. Mzungu yule aliondoka na kisanduku chake na hakurudi.

Onyancha alisita, akampa. Bitutu akakichukua kitabu kwa mikono miwili, akakipeleka dirishani penye mwanga, na watu wa dirishani wakarudi nyuma. Alitazama muda mrefu. Nilimwona akikileta karibu na uso wake, karibu sana, kama mtu anayetaka kunusa. Ile karatasi nyeupe ikaanguka sakafuni, naye hakuona.

"Amefumbua macho," akasema.

"Nani?" mzee akauliza.

"Huyu. Ni Drusilla. Nilikuwa nimeusahau uso wake. Miaka hii yote nilikuwa naukumbuka uso wa mtoto tu, mtoto yeyote. Kumbe alikuwa na paji la babake."

"Dada, hatukuulizi habari za mtoto. Tunauliza kuhusu mwanamke."

Mama yangu akaanza kutikisa kichwa polepole, akimwomba kwa macho. Bitutu alimwona. Alimtazama kwa huruma, kana kwamba mama ndiye aliyekuwa hatarini.

"Nikisema si mimi, huyu mtoto amebebwa na nani?" akauliza. "Hawezi kubebwa na mtu ambaye hayupo. Ni mimi, mzee. Ni mimi niliyembeba."

Nilisikia tu benchi nyingi zikilia kwa pamoja watu walipojivuta nyuma.

"Na pete?" Nyasani akasema kutoka mlangoni.

Akaeleza yote. Alieleza blanketi, mfuko wa Opondo, mjane wa Ekerenyo, majani aliyoketi juu yake alipokuwa akizivua. Alipofika hapo, bibi mmoja alishika kichwa kwa mikono miwili na kutoka nje. Onyancha akakaa. Alikuwa mzee wa kanisa, alikuwa ameziita pete hizo giza la mababu mara nyingi kwenye mimbari ile ile, na nilimwona akijifuta viganja kwenye suruali.

"Nyamongo alikuwa hai?" akauliza kwa sauti ndogo.

"Alikuwa hai. Analima."

"Na ulizivua."

"Nilizivua. Nimewafundisha kwamba chuma hakiui mtu, na mchana naliamini hilo. Usiku nimejiuliza maswali yenu yote kabla yenu. Kama kuna anayejua ni nini kilichompiga mume wangu, aseme hapa. Nimengoja kuambiwa."

Kanisa zima, pamoja na waliobatizwa siku moja naye, halikusema kitu. Nilikuwa na miaka kumi na miwili na nilitazama nyuso zile moja moja, nikitafuta mtu mzima mmoja wa kusema kwamba ilikuwa radi. Mwalimu Machogu alisoma vidole vyake. Mama alilia.

"Usilale bomani kwangu leo," Nyasani akasema.

Bitutu akaitikia kwa kichwa. Kisha akafanya jambo ambalo liliwashtua watu kuliko pete. Yeye aliyewanawisha mikono, aliyekifunga kitabu kwa kitambaa cheupe, alikilaza kile kitabu juu ya kizingiti cha dirisha, akaushika ule ukurasa kwa ndani, akauchana. Mchano wake ulisikika mpaka nyuma. Akaukunja mara moja tu, kwa uangalifu, ili mkunjo usipite usoni kwa mtoto, akautia kifuani mwa gauni lake. Kitabu akakirudisha mezani kimefungwa.

"Kinasema uongo," akamwambia mwalimu. "Kimesema sijui kusoma, nami nasoma."

Akapita kati yetu, na watu wakampisha pande zote mbili kama wanavyoipisha maiti. Alikwenda kwa kaka yake Ekerenyo akiwa na nguo aliyovaa. Nyumba yake iliungua siku ya tatu. Hakuna aliyesema aliona chochote, na ndizi zake zikaanza kukatwa na watu wa boma. Mwalimu Machogu aliukata ukurasa ule kwenye vitabu vyote vilivyobaki, akazichoma kurasa hizo nyuma ya jiko la shule. Darasa la wanawake lilikufa. Mama yangu alikuwa amefika mahali pa kusoma bila kufuata kwa kidole, na hakuendelea.

Mwaka 1957 nilikwenda chuo cha ualimu, mbali na kwetu. Wasichana wa bweni waliponiuliza kwetu ni wapi nikawaambia, mmoja alihamisha kitanda. Wengine walifanya mzaha. "Mkisii, usiku tutakusikia ukiruka?" Nilicheka nao, maana mtu hucheka asije akaulizwa zaidi. Kisha siku moja, maktabani, nikitafuta kitabu kingine kabisa, nikaking'oa rafuni kile chenye jalada la kijani. Ukurasa ulikuwapo. Haukuwa umekatwa. Bitutu alikuwa amesimama na ngozi ya mama mkwe wake, na maneno yalikuwa chini yake, mazima, na pembeni mtu fulani alikuwa ameandika kwa penseli: jifunze hii kwa mtihani.

Niliketi sakafuni kati ya rafu. Nilikuwa nimedhani tuliuchoma.

Nilipomaliza chuo nilikwenda Ekerenyo. Alikuwa amekonda na nywele zimeanza mvi, na alinikaribisha kana kwamba nilitoka kwake jana. Ukutani, juu ya kitanda, palikuwa na kipande cha karatasi kilichobandikwa kwa ugali mwembamba. Alikuwa ameikata ile picha. Kilichobaki ni bega lake, upande wa shingo, na uso wa mtoto mwenye macho wazi. Sehemu ya chini, yenye miguu na maneno, sikuiona, wala sikuuliza iko wapi.

Tulimenya ndizi. Aliniambia habari za Opondo na mfuko. Nami, bila kujua kama nafanya vyema, nikamwambia kwamba kitabu bado kipo, kwamba wanafunzi wa nchi nzima wanakisoma, kwamba chini yake bado imeandikwa vile vile. Nilisema hayo kwa hasira, nikimngoja naye akasirike.

Aliacha kisu. Alikitazama kile kipande cha ukutani, ambacho moshi wa jiko ulikuwa umekwisha kukigeuza rangi ya chai, na macho ya mtoto yalikuwa yameanza kufutika.

"Huko chuoni," akaniuliza, "Drusilla bado anaonekana vizuri?"

Nikamwambia ndiyo, anaonekana vizuri sana.